Metroni na Wapelelezi Wawili

Metroni wa shule yetu alikuwa na filamu moja tu. Kwa miaka tisa niliyofundisha Kiswahili pale, katika shule ya bweni ya wasichana pembeni mwa mji wa Garissa, niliitazama kila mwisho wa muhula na sikuwahi kulijua jina lake. Karatasi ya kasha ilikuwa imechanika zamani. Marehemu mume wake, aliyekuwa karani wa serikali, aliiokota ikiwa kwenye kanda siku ofisi yao iliposafisha stoo, na baadaye fundi mmoja wa mjini akaihamishia kwenye diski. Wasichana waliiita "bicha ya Metroni" kwa kuwa yeye alitamka hivyo. P kwake ilikuwa b na v ilikuwa f, kama kwa wazee wetu wengi, na hakuna aliyemcheka, maana wengi tulitoka kwenye nyumba zinazotamka vivyo hivyo.

Ilikuwa filamu ya zamani ya Wazungu, nyeusi na nyeupe, yenye mikwaruzo kama mvua. Mashemeji wawili wanauza miavuli. Mmoja ana kikohozi kisichopona, mwingine bila miwani haoni hata mlango. Kombe la fedha linapotea katika hoteli iliyo ng'ambo ya duka lao, nao wanaamua kulitafuta, ingawa hakuna aliyewatuma. Wanajificha kabatini, kikohozi kinawafichua. Wanamfuata mtu mwenye sanduku mji mzima, kumbe asiye na miwani amebadilisha mtu njiani, na wanayemfuata sasa ni daktari anayekwenda kuzalisha. Mwishowe wanamkamata mpishi wa hoteli, wanamfunga kwa kamba ya nguo na kumkalia mpaka polisi wanakuja, wakati aliyeiba ni mwenye hoteli mwenyewe, ambaye amesimama pale pale akiwapongeza.

Metroni hakujua Kiingereza cha kutosha kufuata maneno yao, wala hakuyahitaji. Alikuwa ameielewa kwa macho. Filamu ilionyeshwa Jumapili mchana katika ukumbi wa chakula, madirisha yakizibwa kwa mablanketi ya bweni, na joto la humo ndani ungeweza kukaushia nyama. Yeye aliketi mbele kabisa, ubavuni mwa televisheni. Kuna mahali katikati ambapo mwanamke wa hotelini anacheza dansi na magoti yake yanaonekana. Metroni alilijua eneo hilo kwa dakika. Alikuwa akinyanyuka muda mfupi kabla, anasimama mbele ya kioo, anatandaza shuka lake kwa mikono miwili na kusema, "Haba hakuna kitu." Wasichana walisubiri wakisikiliza muziki. Ukiisha, anaketi. Mwalimu mkuu alipata kumwambia kwamba fundi angeweza kukikata kile kipande. Alijibu kwamba kukata mali ya marehemu hawezi.

Kicheko chake hakikuwa na sauti. Mabega yalitikisika, machozi yakatoka, na alipoyafuta kwa ncha ya mtandio ndipo ulipojua kwamba kweli amecheka. Nje ya ukumbi ule sikumwona akicheka zaidi ya mara tatu.

Mimi na yeye sote ni Wasomali. Mimi nilizaliwa Iftin, mtaa ule ule aliokuja kuishi baada ya kustaafu, lakini alikataa kabisa kuzungumza nami Kisomali tukiwa shuleni. Alisema mwalimu wa Kiswahili amelipiwa na serikali, basi afanye kazi. Alinisimamisha mlangoni mwa jiko akataka kujua kama ni "kitu kikubwa" au "kubwa kitu", nikamwambia, akarudia mara mbili, halafu kesho yake akasema anavyotaka. Aliniita Mwalimu. Hakuniita kwa jina langu hata siku moja.

Kazi yake ilikuwa funguo, mablanketi, homa, na wasichana mia mbili na zaidi waliokuwa mbali na mama zao. Aliifanya vizuri. Homa aliipima kwa mgongo wa kiganja na hakukosea. Msichana aliyeingia mwezini kwa mara ya kwanza na kuogopa alipelekwa chumbani kwake, akatoka saa moja baadaye akiwa ametulia, na sijui alichokuwa akiwaambia. Lakini damu ya jeraha hakuiweza. Mtu akijikata kwa kisu cha kitunguu, Metroni aligeukia ukutani na kutoa maagizo akiwa amewapa mgongo.

Udhaifu wake ulikuwa upelelezi. Nadhani ile filamu ilimwambukiza, ingawa mwenyewe alisema aliwazidi wale wauza miavuli kwa akili. Kitu kikipotea bwenini, iwe ndara, sabuni au daftari la hesabu, hakutaka kuambiwa. Mtu akija na habari alimnyamazisha kwa maneno aliyoyasema kila wiki: "Usiniambie, nitajua mwenyewe." Kisha alianza kazi. Alivua viatu na kuvishika mkononi ili atembee kimya kwenye veranda, huku funguo thelathini zikining'inia shingoni na kulia kwa kila hatua. Wasichana walisikia ukoo mzima wa funguo ukija, wakajilaza na kukoroma.

Sukari ya jikoni ilipoanza kupungua, alinyunyiza unga wa ngano sakafuni jioni na kufunga mlango. Asubuhi alituita, mimi na mpishi, tuje tushuhudie nyayo za mwizi. Nyayo zilikuwepo. Seti moja ilikuwa ya paka. Nyingine ilikuwa pana, yenye kidole kidogo kilichopanda juu ya mwenzake, na mpishi alikuwa wa kwanza kutazama miguu ya Metroni, ambaye alisimama bila viatu. Alikuwa ameingia alfajiri kuhakikisha kwamba unga uko mahali pake. Hakuona haya. Alisema sasa angalau tumemwondoa mtu mmoja kwenye orodha, akamwagiza mpishi afagie.

Alikuwa na daftari. Humo aliandika nani alichelewa swala, nani anakula na nani, nani amebadilisha rafiki. Alichukia umbeya na aliwaadhibu wambea, lakini hakuona kwamba daftari lile lilikuwa umbeya ulioandikwa. Niliwahi kumwambia hivyo. Alinitazama, akafikiri, akasema umbeya ni wa kusema na yeye hasemi.

Yote hayo tuliyachukua kama mzaha mpaka mwaka wangu wa sita pale.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu alipoteza herini za dhahabu alizoachiwa na mama yake aliyefariki. Hazikuwa ndara. Msichana alilia hadi akakataa kula, na mwalimu mkuu akamwambia Metroni zipatikane kabla ya likizo fupi ya katikati ya muhula.

Hapa naingia mimi. Meza yangu katika chumba cha walimu ilikuwa dirishani, na dirisha langu lilitazama tangi la maji. Kila Jumatano, wenzake walipokwenda chakula cha mchana, nilimwona Sahra, msichana mkimya wa kidato cha pili kutoka Takaba, akipita nyuma ya tangi akiwa ameficha kitu chini ya buibui lake, asitoke mpaka kengele ilie. Nilikuwa nimemwona kwa wiki nyingi bila kulijali jambo hilo. Siku mbili baada ya herini kupotea, nikinywa chai na Metroni, nikalitaja. Sikusema kwamba ni mwizi. Nilisema tu kwamba nimemwona. Metroni aliweka kikombe chini.

"Basi, Mwalimu," alisema. "Nitajua mwenyewe."

Alimchunguza siku tatu. Siku ya nne aliwapanga wasichana wa bweni lile mbele ya vitanda vyao, arobaini hivi, akafungua sanduku la Sahra na kulimwaga sakafuni. Mimi nilikuwa mlangoni. Herini hazikuwemo. Havikuwemo pia vitu vingine vingi ambavyo masanduku ya wenzake yalikuwa navyo, lakini hilo nililifikiria baadaye. Metroni alichukua kukosekana kwa herini kuwa ndiyo dalili kwamba zimefukiwa, akampeleka mtunza bustani akachimbe nyuma ya tangi. Alikuta udongo mbichi na kipande cha sabuni. Metroni alirudi bwenini na kusema mbele ya wote kwamba wao watazame hapo, mwizi wao ni Sahra, na ataeleza mbele ya wazazi wake alikozipeleka.

Sahra alitazama viatu vyake. Hakulia na hakujitetea. Mwalimu mkuu alimwagiza aende kumleta mzazi. Kutoka Garissa hadi Takaba si safari ya kwenda kumwita mtu. Msichana alifunga sanduku lake, akapelekwa stendi, na hakurudi.

Likizo fupi ilikuja ikapita. Mwenye herini alirudi shuleni akiwa amezishika mkononi. Kumbe shangazi yake alikuwa amekuja siku ya kutembelewa, akaona dhahabu imewekwa sandukuni na kufuli limelegea, akazichukua azitunze. Alikusudia kumwambia na akasahau. Msichana alizikuta nyumbani kwa shangazi, kwenye kabati la vyombo. Alimpa Metroni habari hiyo huku akiomba radhi, kama kwamba kosa lilikuwa lake.

Jioni ile ile msichana aliyelala kitanda cha chini ya Sahra alikwenda chumbani kwa Metroni bila kuitwa. Alisema Sahra alikuwa na sketi moja ya shule. Aliifua Jumatano nyuma ya tangi, akakaa pale amevaa buibui tu mpaka ikauke, na kwa jua letu nusu saa inatosha. Alikuwa amewaapisha wenzake wawili wasiseme.

Asubuhi Metroni aliomba ruhusa ya siku chache. Mwalimu mkuu alimwambia aandike barua, shule itaigonga muhuri na kuituma. Metroni alijibu kwamba yeye hakumtuhumu mtoto kwa barua. Kisha akaja kwenye meza yangu, akasimama kati yangu na dirisha.

"Naenda Takaba," alisema. "Unakuja?"

Hakusema kwa nini ananiuliza mimi. Nikaenda.

Tulipanda basi hadi Wajir, tukalala kwa jamaa zake, na kesho yake tukapata nafasi mbele katika lori lililobeba unga na mafuta ya kupikia. Njiani Metroni alikuwa na kifurushi cha gazeti mapajani, na hakukubali kikae nyuma na mizigo. Kwenye vizuizi, askari walipouliza tunakwenda kufanya nini, dereva alijibu kwamba ni walimu wanaofuata mwanafunzi, naye akamsahihisha kila mara: mwalimu ni huyu mmoja, mimi ni metroni.

Mama yake Sahra alikuwa na duka dogo karibu na soko la mifugo, na mbele yake benchi la wanywaji chai. Alitukaribisha kwa chai ya maziwa ya ngamia kabla ya kutuuliza lolote. Pale wote walizungumza Kisomali, na kwa mara ya kwanza nilimsikia Metroni akiongea bila kutafuta maneno. Alieleza kila kitu kwa mpangilio: herini, sanduku, kuchimba, alichokisema mbele ya wasichana, kisha shangazi. Hakujipunguzia. Mama alisikiliza huku akisugua sufuria.

"Abaayo," alisema mwishowe, yaani dada. "Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Nilidhani nitajua mwenyewe."

Mama aliweka sufuria chini. Alisema hapa Takaba hakuna mtu aliyewahi kumwita binti yake mwizi, kwa hiyo hapa hakuna wa kuambiwa kwamba siye. Waliosikia wako Garissa. Basi hayo maneno mazuri ayabebe ayarudishe huko, ayaseme mahali pale pale, mbele ya watu wale wale, na mtoto akiwapo. Bila hivyo Sahra atabaki akiuza dukani pamoja naye, na elimu ataipata Mungu atakapopenda.

Metroni alikubali. Akaomba kumwona msichana. Sahra alitoka ndani na kusimama kando ya magunia, na Metroni, ambaye umri wake ulikaribia wa bibi yake, akanyanyuka kwenye benchi.

"Sahra, ulikuwa ukifanya nini nyuma ya tangi?"

Msichana alimtazama mama yake kwanza. "Nilikuwa nafua sketi."

"Nimesikia," alisema Metroni, akaketi tena.

Kifurushi kilikuwa na sketi mbili za shule, alizozishona mwenyewe usiku mmoja kabla ya safari. Mama alikisukuma kikarudi upande wetu wa benchi, bila hasira, akasema sketi atanunua yeye. Kisha akamuuliza Metroni mimi ni nani.

"Ni mwalimu wake wa Kiswahili," Metroni alisema. "Amenisindikiza."

Nilikuwa na glasi ya chai mkononi. Hapo ndipo ningesema. Nilikunywa chai.

Sahra alirudi wiki iliyofuata na mjomba wake. Jumatatu asubuhi, shule yote ikiwa imepangwa uwanjani, Metroni alimwomba mwalimu mkuu nafasi, akasogea mbele. Alisema kwa Kiswahili, nami nikajua kwamba alikuwa amekifanyia mazoezi, maana hakukwama.

"Mimi nilisema Sahra ni mwizi. Sahra si mwizi. Sikumuuliza, nikafanya ubelelezi wangu, nikakosa. Kosa hili ni langu beke yangu. Mkisikia mtu anasema fingine, mleteni kwangu."

Hakuna aliyecheka yale matamshi. Sahra alisimama katika mstari wa kidato cha pili, uso umetulia. Peke yangu, alisema Metroni, na mimi nilikuwa hatua nne nyuma yake nimeshika rejista.

Hakuacha upelelezi baada ya hapo, kama mtu angetarajia. Daftari liliendelea, na funguo ziliendelea kulia kwenye veranda. Ila sasa alianza kwa kumwita mhusika chumbani, mlango wazi, na kumuuliza. Mara nyingi jambo liliishia hapo, na nadhani lilimkatisha tamaa kidogo kuona ilivyo rahisi. Zile sketi mbili alizitia katika kabati lisilo na kufuli, karibu na bafu, na baadaye akaongeza nyingine, na hakuandika popote nani alichukua. Filamu nayo iliendelea kila mwisho wa muhula. Mpishi wa hoteli alipoanza kufungwa kamba, ukumbi mzima ukiangua kicheko, Metroni alinyanyuka na kusema anakwenda kutazama moto jikoni. Alirudi polisi wakiwa wameshafika.

Sahra alimaliza shule. Nilimfundisha miaka miwili zaidi. Insha zake zilikuwa nzuri na nilimpa alama alizostahili, na kila nilipomrudishia daftari nilijiambia kwamba nitamwambia mwisho wa muhula. Kisha nikahamishwa.

Mwaka huu, baada ya Ramadhani, nilikwenda kumwona Metroni kwa binti yake, mtaani Iftin. Magoti yamemshinda na sukari imempunguza mwili, lakini kitanda chake kimewekwa mahali anapoona lango. Aliniita Mwalimu. Tulikaa nyumbani kwake na bado alikataa Kisomali, alisema Kiswahili chake kinaota kutu kwa kukosa mtu. Aliniuliza juu ya watoto wangu, mmoja mmoja. Nikiwa najiandaa kuaga, nilimuuliza kwa nini siku ile uwanjani hakunitaja.

Alishangaa kwamba nauliza. "Wewe ulisema umemwona mtoto nyuma ya tangi. Kweli ulimwona. Ile ya mwizi nilisema mimi."

"Lakini sikumwambia Sahra kamwe. Hata Takaba."

"Najua. Nilikaa karibu na wewe." Alivuta shuka magotini. "Kama ningekutaja, wewe ungesema nini tena?"

Nilidhani amemaliza. Kumbe alikuwa akitafuta simu chini ya mto. Aliiweka karibu sana na macho, akabonyeza, akangoja. Sahra yuko Mandera, anafanya kazi katika ofisi ya kaunti, ana watoto wawili. Nilijua hayo kwa kusikia tu. Metroni alimsalimu kwa salamu zote, afya, watoto, mama, mvua, kisha akasema niko na mwalimu wako wa Kiswahili, ana neno. Akanipa simu na kugeukia ukutani, kama alivyokuwa akifanya mtu akijikata kidole.

Nilisema. Halikuwa neno refu. Nilisema ni mimi niliyempa Metroni habari ya tangi, kwamba nilikaa kwa mama yake nikanyamaza, na kwamba nimefundisha darasa lake miaka miwili nikiwa nimenyamaza. Upande wa pili nilisikia mtu akipiga mihuri kwenye karatasi, halafu sauti ikakoma.

"Najua, Mwalimu," Sahra alisema. "Nilikuwa nakuona dirishani. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuniona."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alijibu kwamba hakuna aliyemuuliza, na hakulisema kwa ukali. Kisha akanishukuru kwa kupiga simu, akanitakia heri, na akaomba arudishiwe Metroni, kwa kuwa kuna jambo la mtoto wake mdogo, homa isiyopanda wala kushuka, alilotaka kushauriwa.

Nilirudisha simu. Metroni aligeuka, akamtaka auweke mgongo wa kiganja kwenye paji la uso la mtoto na kumwambia anavyohisi. Waliendelea muda mrefu. Niliokota vikombe, nikavipeleka jikoni kwa binti yake, nikaviosha.